Kila Januari naanza daftari jipya

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 22, nasoma shahada ya uchumi, mwaka wa pili, katika chuo kimoja hapa Dodoma. Nimepanga chumba Makulu pamoja na mwenzangu mmoja. Kwetu ni kijijini, wilaya ya Manyoni. Baba alishatangulia mbele za haki. Mama ndiye anayenisomesha kwa ile sehemu ambayo mkopo haufiki. Analima uwele na karanga, anafuga mbuzi na kuku.

Nakuandikia kwa sababu ya mawazo yaliyonipata usiku wa kuamkia mwaka mpya, ambayo hadi leo hayajaniacha.

Nilikwenda kwenye mkesha. Kanisa lilijaa, wengine wakakaa nje kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, maana manyunyu yalikuwa yanakuja na kukatika. Ilipogonga saa sita usiku mchungaji akatuambia kila mtu amgeukie jirani yake amwambie, "Umevuka." Vigelegele vikapanda, nje bodaboda wanapiga honi, fataki zinasikika upande wa mjini. Mama mmoja nisiyemjua akanishika mikono yote miwili, akanitazama usoni, akasema, "Mwanangu, umevuka." Nikalia. Nadhani alifikiri nalia kwa furaha. Mimi nilikuwa najiuliza nimevuka nini, wakati yale niliyotaka kuyaacha ng'ambo nilikuwa nimeyabeba mgongoni.

Njiani kurudi nikawaza jambo ambalo sijawahi kuliwaza. Tunasema mwaka unaanza saa sita usiku. Lakini kwa hesabu yetu ya saa, saa sita usiku si mwanzo wa kitu chochote. Ni katikati ya giza. Umetembea saa sita tangu jua lizame, na umebakiwa na saa sita nyingine mpaka kupambazuke. Sisi siku yetu tunaianza saa moja, mtu anapoona pa kukanyaga. Basi mbona mwaka tunauanza mahali ambapo hakuna anayeona mbele?

Nilipofika chumbani nikatoa daftari jipya. Hii ni desturi yangu tangu kidato cha tatu. Kila Desemba nanunua daftari, na tarehe 1 Januari naandika malengo, vichwa vya habari kwa kalamu nyekundu, maelezo kwa bluu. Mwaka huu niliandika saba: kuamka saa kumi na moja alfajiri, kusoma saa tatu kila siku, kupunguza simu, kuweka akiba ya shilingi 5,000 kila wiki, kusoma Biblia yote, kufanya mazoezi, kutosengenya. Huwa nakwenda vizuri mpaka siku ya nane au ya tisa. Nikikosa siku moja tu, ukurasa wote unaonekana mchafu. Nauchana, naandika upya, najiambia naanza Jumatatu. Daftari la mwaka jana lilikuwa la pini katikati. Juzi nimelifungua, karatasi za mwisho zikadondoka zenyewe sakafuni. Zilikuwa hazijaandikwa kitu.

Sasa nikuambie lenyewe. Mwaka wa kwanza, muhula wa kwanza, nilifeli hesabu. Masomo mengine yote nilifaulu, hata historia ya uchumi nilipata B+. Septemba nikafanya sapu, yaani mtihani wa marudio, ya hesabu, nikafeli tena. Kwa hiyo nina keri: muhula huu natakiwa kulisoma lile somo upya pamoja na mwaka wa kwanza. Vipindi ni Jumanne saa nne na Alhamisi saa nane. Tangu Novemba nimeingia mara chache sana. Kuna siku kijana mmoja aliyekaa pembeni yangu aliniuliza kwa heshima kabisa, "Samahani dada, wewe ni msaidizi wa mwalimu?" Wa safu ya mbele wakageuka kunitazama. Sikurudi tena, ila siku ya jaribio la kwanza. Nilipata 9 kati ya 20. Jaribio la pili ni wiki ya tatu ya mwezi huu, na mtihani wa mwisho ni Februari.

Mama hajui lolote. Oktoba aliuza mbuzi wawili ili nijisajili. Krismasi nilikuwa nyumbani siku tano, tukarudishia karanga, na kila aliyepita njiani mama alimwambia, "Huyu wangu yuko mwaka wa pili, hajawahi kukwama." Nilikuwa nainama kwenye tuta ili asinione uso.

Nimefikia wazo la kuacha hapa. Dirisha la udahili likifunguliwa niombe chuo kingine, mkoa wa mbali, Mwanza au Mbeya, kozi nyingine kabisa, nianze mwaka wa kwanza kama mtu ambaye hakuna anayemjua. Nikiwaza hivyo ndipo napata usingizi. Je, Mwalimu, ni vibaya mtu kutaka kuanza upya kabisa? Na kama si vibaya, mama nimwambieje?

Binti wa Manyoni

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole.

Nianze na jibu, maana siku zako zinahesabika na sitaki ulitafute mpaka mwisho wa barua. Usiache chuo mwezi huu. Jumanne saa nne ingia darasani. Mama mwambie wiki hii, usingoje matokeo. Hayo mengine nitakayoyasema ni ya kukueleza kwa nini.

Umeandika kwamba ukiwaza kuondoka ndipo unapata usingizi, na naamini ni kweli. Lakini tazama usingizi huo unatoka wapi. Katika mpango wako, maisha mapya yanaanza Oktoba au Novemba. Leo ni Januari. Maana yake ni miezi tisa au kumi ambayo hakuna mtu atakayekuuliza kitu, hakuna jaribio, hakuna darasa la kuingia kwa aibu. Mwanangu, hiyo ndiyo ile "naanza Jumatatu" yako, ila sasa Jumatatu umeisogeza mbali zaidi. Mtu anayelihama deni naye hulala vizuri usiku wa kwanza.

Nilifundisha shule za msingi hapa mkoani kwa zaidi ya miaka 30, nyingi darasa la tatu na la nne. Kwa hiyo ulipotaja daftari la pini, nililiona. Kila Januari watoto wangu walikuja na madaftari mapya yamefunikwa kwa gazeti, jina limeandikwa taratibu, ulimi umetoka nje kwa bidii. Siku ya kwanza mwandiko unapendeza. Siku ya nne mtoto anakosea jibu, anafuta kwa kidole chenye mate, karatasi inatoboka, na kwa kuona aibu anaichana. Hakuwa anajua kwamba daftari la pini halina karatasi moja moja. Ile ya mbele na ile ya nyuma ni karatasi moja iliyokunjwa, na pini imepita katikati yake. Ukiichana ya mbele, ya nyuma haina tena kinachoishika. Kufika Juni nilikuwa na watoto wenye madaftari membamba kama vipeperushi, majalada yanacheza, na Novemba tukirudia kazi za mwaka mzima hawana pa kusomea. Wala waliokuwa wanachana sana hawakuwa wavivu. Walikuwa wale waliopenda mno kazi safi.

Nikaweka sheria darasani: hakuna kuchana. Ukikosea, chukua rula, piga mstari mmoja juu ya kosa, andika jibu sahihi chini yake. Na mstari uwe mmoja tu, kosa lisomeke. Wazazi wengine walinilalamikia kwamba madaftari ya watoto wao ni machafu. Mimi niliyapenda yale machafu, kwa sababu nikilifungua nilijua mtoto alikwama wapi, alifikiri nini, na siku gani akaelewa. Daftari lililochanwa halikunieleza chochote, na mtoto mwenyewe halikumweleza chochote.

Wewe ni mwanafunzi wangu wa darasa la nne aliyekua. Ukurasa wa hesabu umechafuka, na unataka kuchana shahada nzima.

Sikwambii kwamba kupenda mwanzo mpya ni ujinga. Kuna nguvu ya kweli ndani yake. Mwaka 2014 watafiti watatu huko Marekani, Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis, walionyesha kwamba watu huelekea zaidi kwenye mambo kama mazoezi na kupunguza uzito mwanzoni mwa wiki, mwezi, mwaka au muhula wa masomo. Maelezo yao ni kwamba tarehe za namna hiyo humsaidia mtu kuyaona makosa ya nyuma kama ya mtu mwingine, yule wa kipindi kilichopita, na hivyo anapata moyo wa kujaribu tena. Nilipoisoma barua yako niliona dawa hiyohiyo inavyogeuka sumu ikizidi. Yule msichana wa mwaka jana alifeli, huyu wa mwaka huu yeye hajafeli, kwa hiyo kwa nini akae na watoto wa mwaka wa kwanza? Lakini keri ya yule ni yako. Hata mkopo wake ni wako: ukiacha chuo, fedha ulizokwisha kupokea zinabaki deni kwa jina lako, na siku utakapoajiriwa zitakatwa asilimia 15 ya mshahara, hata kama umesomea kitu kingine Mbeya.

Kuhusu ile siku ya tisa, kuna utafiti mwingine nataka uushike. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96, kila mmoja amechagua jambo moja dogo la kufanya kila siku. Walitaka kujua linachukua muda gani mpaka mtu alifanye bila kujisukuma. Wastani ukawa siku 66. Wengine walihitaji 18, na kuna waliokadiriwa kuhitaji 254. Nawe unajihukumu siku ya tisa! Na waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Mtu aliendelea kesho yake na mazoea yakazidi kukomaa. Hebu rudia kuisoma sentensi hiyo, kisha uzifikirie karatasi zako zilizodondoka sakafuni.

Na jambo lilikuwa moja kwa kila mtu. Wewe uliandika saba usiku mmoja.

Tarehe 1 Januari yenyewe isikutishe kama kwamba ndiyo mlango pekee. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Makunduchi, Unguja, wanasherehekea Mwaka Kogwa mwezi huohuo wa Julai. Waislamu wana Muharram, ambao kila mwaka huja mapema kwa siku kumi au kumi na moja kuliko uliopita. Hesabu ya siku za wiki nayo tunaianza Jumamosi, ndiyo mosi. Na mama yako, kama wakulima wote wa kwetu huku katikati ya nchi, mwaka wake huanza mvua ya kwanza inapopiga vumbi jekundu, iwe Novemba mwishoni au Desemba. Mianzo haijawahi kutupungukia.

Sasa nije kwenye maneno mawili uliyoyapitisha haraka, nami nikayarudia kuliko barua yote: "tukarudishia karanga."

Wasomaji wa mjini huenda hawajui. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, na tena haitabiriki. Unapanda, inanyesha siku mbili tatu, halafu inakatika. Mbegu nyingine zinaota, nyingine zinakauka ardhini, nyingine panya na ndege wamezichukua. Mvua ikirudi shamba lina mapengo. Mkulima hafukui shamba lote alime upya. Anachukua jembe na kibuyu cha mbegu, anatembea tuta kwa tuta, penye pengo anatoboa, anatia mbegu, anafukia kwa unyayo. Ndiko kurudishia. Nimekufanya utazame tena kitu ulichokifanya kwa mikono yako wiki chache zilizopita. Je, mama alilia kwenye kila pengo? Aliliona shamba lote kuwa limeharibika? Nadhani alikuwa anasimulia habari zako kwa wapita njia huku mguu unafukia.

Karanga za kurudishia huwa fupi kuliko wenzake. Zinachelewa, na jirani akipita anajua. Siku ya kuvuna zinaingia kwenye gunia lilelile.

Keri ni kurudishia, mwanangu. Una shamba la masomo mengi yaliyoota, na pengo moja. Ulifaulu mengine yote, na historia ya uchumi una B+. Anayechukia uchumi hapati B+ humo. Kama ungeniandikia kwamba unaingia kila darasa na hakuna hata moja linalokugusa, kwamba tangu zamani moyo wako uko kwenye uuguzi au ualimu, ningekujibu vingine. Kuna vijana wanaohitaji kweli kubadili kozi, na kuwazuia ni kuwaonea. Lakini wewe katika barua yote hukutaja hata kozi moja unayoitamani. Ulitaja mikoa ambako hakuna anayekujua.

Basi fanya hivi. Jumatatu, kabla ya kipindi, mtafute mwalimu wa hesabu ofisini kwake. Usiende na hadithi ndefu. Mwambie: "Mwalimu, nina keri ya somo lako, sijahudhuria vizuri, nataka kumaliza muhula huu." Muulize mawili: mahudhurio yako yamefikia wapi na kama bado unaruhusiwa kufanya mtihani, na unahitaji alama ngapi za kazi za darasani. Vyuo vyetu vingi hugawa 40 kwa kazi za darasani na 60 kwa mtihani wa mwisho, na vingine havikuruhusu kuingia mtihani ukiwa chini ya kiwango fulani au umekosa vipindi vingi. Hili ndilo linalonitia hofu kuliko aibu yako, na ndiyo maana nimekuharakisha. Kama kuna tatizo la mahudhurio, ofisi ya mshauri wa wanafunzi ndiyo mahali pa kwenda siku hiyohiyo. Ukiambiwa mlango umefungwa, niandikie tena. Tutaongea kuhusu kuahirisha kwa utaratibu, ambako ni tofauti na kutoweka.

Jumanne ingia, na ukae karibu na yule kijana. Nakuomba umtazame upya. Alikuona umetulia, mkubwa kidogo, akadhani unafundisha. Hakuna popote ulipoandika kwamba alikucheka. Mwambie ukweli: "Hapana mdogo wangu, nalirudia hili somo." Utaona atakavyokuuliza mara moja, "Kwani mtihani wao unakuwaje?" Kwa sababu wewe umeshaukalia mara mbili. Mada ambazo kwake ni ngeni kabisa, wewe unajua zinapokwenda. Unajua ni swali la aina gani lilikuangusha. Ingia kwenye kikundi chao cha majadiliano, nenda na pasti pepa zako, ile mitihani ya miaka iliyopita, na karatasi za majaribio ulizofeli, kama hukuzichana nazo.

Hayo malengo saba yapumzishe. Baki na moja mpaka Februari: maswali matatu ya hesabu kila siku, saa ileile, mahali palepale. Ukikosa siku, kesho fanya matatu, si sita. Akiba na mazoezi vitakungoja.

Sasa mama.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilifeli mazoezi ya kufundisha. Nikaambiwa niyarudie na kundi la nyuma yangu. Sikumwambia baba. Nilimficha miezi minane. Alikuja kuelezwa mnadani na mzazi wa mwenzangu, mbele ya watu, huku ameshika kamba ya ng'ombe aliyekuja kumuuza kwa ajili yangu. Alifika nyumbani hakunigombeza. Alikaa kwenye kigoda, akavua viatu, akakung'uta vumbi kiatu kimoja, kisha kingine, muda mrefu. Akasema, "Mimi nilikuwa najibu watu kwa maneno uliyonipa." Kufeli kwangu alikusamehe jioni ileile. Kumwacha asimame mnadani na maneno ambayo hayakuwa kweli, hilo lilichukua miaka, na mimi mwenyewe bado linaniuma nikiandika hapa.

Mama yako anawajibu watu kwa maneno uliyompa. Kila anapomwambia mpita njia "hajawahi kukwama", unamwongezea deni ambalo atalilipa yeye. Mtoe hapo kabla mwingine hajamtoa.

Mpigie jioni, akishafunga mbuzi, usimpigie akiwa gengeni au kanisani. Usimwambie "keri" wala "sapu", hatayaelewa na atadhani ni ugonjwa. Mwambie hivi, au kwa namna yako inayokaribia hivi: "Mama, shikamoo. Niko mzima, siumwi. Kuna jambo nimekuficha tangu mwaka jana na limenichosha. Somo moja la hesabu nilifeli, nikarudia, nikafeli tena. Mengine yote nimefaulu na bado niko mwaka wa pili. Sasa nalisoma hilo moja tena, ni kama tulivyorudishia karanga. Nisamehe kwamba nilinyamaza." Halafu unyamaze kweli, umwache aseme. Huenda atakaa kimya mpaka udhani simu imekatika. Huenda atauliza habari za wale mbuzi wawili. Akiuliza, usijitetee, mwambie unawakumbuka. Pengine atakasirika, na ana haki ya siku kadhaa. Mwanamke anayeuza mbuzi wawili ili mwanawe ajisajili ameshakubali mengi magumu kuliko alama za hesabu.

Mwenzako wa chumba hukusema kama anajua. Kama hajui, mwambie naye usiku uleule. Chumba kimoja Makulu hakina nafasi ya watu wawili na siri.

Swali lako la mkesha sijalisahau. Umeuliza kwa nini tunauanza mwaka gizani. Nimekesha mikesha mingi, na nionavyo mimi, wale watu hawakusanyiki kwa sababu wanadhani kumekucha. Wanajua kabisa bado ni usiku. Wanakaa pamoja, wanaimba, mtu anasinzia begani kwa mwenzake, chai inapita kwenye vikombe vya plastiki, mpaka saa kumi na mbili inafika. Wewe usiku ule ulikuwa katikati yao na ulikuwa peke yako, kwa sababu hakuna aliyejua umebeba nini. Yule mama aliyekushika mikono hakuwa na namna ya kujua. Wa Manyoni anayo, ukimpa.

Julai au Agosti, matokeo ya mwaka yakitoka, kama bado unatamani kwenda kwingine, niandikie. Tutaikalia hiyo hoja kwa utulivu, na ukiondoka utaondoka umeaga.

Usinunue daftari jingine. Zile karatasi zilizodondoka, ulizosema hazijaandikwa kitu, ziokote, zilinganishe, zibane pembeni kwa pini. Zitakutosha kufanyia maswali ya wiki ya kwanza. Jumanne beba hizo.